Kocha Anayehesabu Mapigo

Nilianza judo kwa sababu ya mvua. Nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya Temeke, mfungaji wa timu ya netiboli, na mchana mmoja mvua ya masika ilitukuta uwanjani tukakimbilia ghala la zamani lililokuwa ng'ambo ya barabara, pale Chang'ombe. Ndani tulikuta watu kama kumi na tano waliovaa makoti meupe mazito, wanashikana ukosi na kuangushana juu ya magodoro yaliyoshonewa turubai. Mwalimu wao, mwanajeshi mstaafu mwenye shingo fupi, alituambia kama tunataka kujikinga mvua tuvue viatu. Tukavua. Kisha akauliza nani kati yetu ana nguvu. Wenzangu wakanisukuma mbele, kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa mrefu na mnene kuliko wote.

Akamwita msichana mmoja aliyekuwa akinifika kwapani. Nilimshika kwa kujiamini. Sikuona alichofanya. Niliona mabati ya paa yakipita juu ya macho yangu, halafu nikasikia godoro mgongoni. Msichana yule akaniinua kwa mkono, akanipangusa vumbi, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia arudie. Alirudia mara nne. Mvua ilipokatika wenzangu waliondoka, mie nikabaki.

Wazazi wangu walikuwa watu wa bara, wametoka Moshi. Baba karani, mama mwalimu wa shule ya msingi. Hawakuelewa kwa nini mtoto wao wa kike anarudi nyumbani na michubuko shingoni. Kocha alikuja kwetu Jumapili moja baada ya ibada, amenyoosha shati, amekaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyeleta posa. Alimwambia baba kwamba binti yake ana kipaji na kwamba atamlinda kama wa kwake. Baba akakubali. Mama alimwongezea chai.

Nataka nimseme kocha wangu vizuri, maana alikuwa mtu mwema. Alishona makoti yetu kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akiugua, alikwenda kumwona hata kama ni Mbagala ndani ndani. Alitufundisha mbinu moja kwa miezi miwili mpaka miguu yetu ikaijua bila sisi. Lakini kuhusu mwili wa binadamu alikuwa na imani mbili tu, alizozipata jeshini: kwamba mazoezi ambayo hayajakutapisha si mazoezi, na kwamba maji humlegeza mpiganaji. Tulikuwa tukifanya mazoezi saa mbili nzima chini ya mabati, mwezi wa pili, joto la Dar linavyokuwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza bomba liko wapi. Sie tuliona fahari. Tulidhani kiu ni sehemu ya mchezo.

Nilishindana kwa miaka saba. Nilikuwa mzuri, nasema bila kujisifu. Nilikuwa na mtupo mmoja wa nyonga ambao wapinzani waliujua na bado uliwaangusha. Kilichonishinda ni mizani. Mwili wangu ulitaka kuwa mkubwa, na kocha aliamini kwamba nikishindana na wanawake wepesi zaidi nitawamaliza wote. Basi kabla ya kila mashindano nilikuwa napunguza uzito, na tulipunguza kwa njia tuliyoijua.

Mara ya mwisho nilikuwa nimezidi kilo nne na zimebaki siku tatu. Nilivaa mfuko wa nailoni tumboni, juu yake makoti mawili ya mvua, nikakimbia saa saba mchana kando ya ukuta wa uwanja wa ndege, upande wa Kiwalani, kocha akinifuata kwa baiskeli. Watoto wa pale walinizoea wakawa wananishangilia. Siku mbili za mwisho sikunywa kitu. Nilitafuna bazoka ili mate yaje, nikayatema kwenye chupa. Asubuhi ya mashindano nilipanda mizani nikawa sawasawa, na kocha alinipiga bega kwa furaha. Nilikunywa maji na glukosi haraka haraka, nikashinda pambano la kwanza. La pili silikumbuki. Waliniambia nilikuwa nimembana mwenzangu chini, nashinda, halafu mikono ikaachia yenyewe, na yeye ndiye aliyemwita mwamuzi kwa sababu aliona macho yangu.

Nililazwa siku tisa. Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mama aliyekuwa akishika chombo cha kukojolea alikifunika na kwenda kumpa nesi. Daktari alisema misuli imeharibika na figo zimeelemewa na uchafu wake. Aliniuliza nani aliyeninyima maji. Nikamjibu hakuna, nimesahau tu kunywa. Kocha alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, siku zote tisa, na kofia yake mapajani. Siku ya pili mama alitoka akamwambia neno moja, nami nililisikia kupitia dirishani.

"Mwalimu, huyu si askari wako. Huyu ni mwanangu."

Kocha aliinuka kwenye benchi. Alisimama mpaka mama aliporudi ndani.

Figo zangu zilipona, lakini sikuwa tena yule. Nilirudi kwenye magodoro mwaka uliofuata nikawa napigana huku najisikiliza, kama mtu anayetembea gizani na mkono mbele. Mpiganaji anayejisikiliza anachelewa. Nikapoteza mapambano matatu mfululizo, nikaacha. Nilimaliza chuo, nikapangiwa kufundisha biolojia katika shule ya sekondari, Temeke hiyohiyo.

Ni darasani ndiko nilikorudishwa kwenye judo. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu kuhusu figo. Nimechora ubaoni, naeleza kwamba damu ikikosa maji figo hazina namna ya kuchuja, na kwamba mwili huongoza joto lake kwa jasho, na jasho ni maji. Katikati ya sentensi nikanyamaza. Yote yale nilikuwa nimeyasoma kidato cha tatu na mie, miaka ileile niliyokuwa nikikimbia na mfuko wa nailoni tumboni. Nilijibu maswali ya mtihani vizuri nikapata alama za juu, kisha jioni nikaenda mazoezini na kukaa na kiu saa mbili. Haikuwahi kunijia kwamba figo za kwenye kitabu ndizo zangu.

Wakati huo kocha alikuwa amepata kiharusi chepesi. Mguu wa kushoto ulibaki mzito, akahamia Segerea kwa binti yake. Aliniita akanikabidhi funguo za ghala. Sikuwa nimeomba. Alisema yeye hajui mwingine wa kumpa.

Ghala lile si letu. Ni la familia ya Wahindi Waithnasheri, yaani Washia, ambao zamani walihifadhi humo majora ya vitambaa. Mzee wao alituachia tulitumie kwa masharti mawili: viatu visiingie, na siku kumi za kwanza za Muharram tuondoke, maana hapo ndipo yalipowekwa masufuria makubwa ya kupikia chakula cha majlisi, mikusanyiko yao ya maombolezo. Nilipoanza kufundisha humo niliona sharti la pili ni mkosi, kwa kuwa mwaka ule Muharram iliangukia wiki chache kabla ya mashindano.

Nilikuwa nimeshaanza kupima watu. Vifaa vyangu vilikuwa kaunta buku ya kuandikia namba, saa ya mkononi, na kipande cha chaki. Kila mmoja alitakiwa ahesabu mapigo ya moyo wake dakika nzima anapoamka, kabla hajainuka kitandani, aniletee namba. Aniambie amelala saa ngapi. Akifika anapaka chaki kwenye vidole, anasimama kando ya ukuta, anaruka na kugusa juu kadiri awezavyo. Mwili uliochoka hauruki. Ndoo ya maji iliwekwa katikati ya ukumbi na kila robo saa nilisimamisha mazoezi watu wanywe. Walinitania sana. Mmoja alisema walikuja kujifunza mapigo, kocha anahesabu mapigo. Wengine walisema nimefungua zahanati, inabaki tu chanjo.

Basi tukapumzika siku kumi kwa amri ya masufuria. Niliwaambia wanyooshe viungo tu nyumbani, huku moyoni nikiamini tumeharibikiwa. Tuliporudi niliwapanga ukutani kama kawaida, na karibu wote waligusa juu ya alama zao za zamani, wengine kwa vidole vinne. Mapigo ya asubuhi yalikuwa yameshuka. Nilisimama na kaunta buku yangu nikitazama ule ukuta uliojaa alama nyeupe, na nilielewa kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nawanywesha maji vizuri na kuwachosha vilevile kama nilivyochoshwa mie. Nilipomweleza mzee mwenye ghala alicheka, akaniuliza kama anatakiwa alete masufuria mara nyingi zaidi. Tangu hapo kila baada ya wiki tatu tunapunguza mazoezi kwa nusu, tukaita wiki hiyo wiki ya masufuria.

Mwaka uliofuata alikuja mwanamke muuza ndizi wa soko la Mabibo. Alikuwa na miaka ishirini na nne, mabega mapana, sauti ndogo. Hakutaka kushindana. Alikuwa amepigwa kabali akielekea sokoni alfajiri, wakamnyang'anya simu, na alitaka kujua mtu akikukaba kwa nyuma unatokaje. Nilimwonyesha namna ya kuingiza kidevu, kushika mkono unaokaba, kushusha kiuno. Nikamkaba ili ajaribu. Alishusha kiuno akanibeba mgongoni mzimamzima, akasimama nami vile, hajui afanye nini zaidi, akaniomba radhi.

Niliwahi kuona watu wenye nguvu, sikuwahi kuona mtu mwenye nguvu namna ile asiyejua kwamba anazo. Baada ya miezi sita alikuwa anawaangusha wote wa uzito wake. Baada ya mwaka niliamua kumpeleka mashindano. Nilikaa wiki nzima nikimwandikia programu ya miezi miwili: siku za mbio, siku za kunyanyua vyuma, siku za mbinu, siku za kupumzika. Niliipenda kazi yangu ile. Niliipiga mistari kwa rula.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu mapigo yake ya asubuhi yakaanza kupanda, na alama yake ya chaki ikashuka. Ya nne akawa anaruka chini ya alama aliyoiweka siku ya kwanza. Mtu niliyemwona akinibeba kama mto wa kulalia sasa alikuwa anatupwa na wasichana wa kidato cha nne. Nilimuuliza analala saa ngapi, akasema saa tatu usiku. Nilimuuliza anakula, akasema anakula. Nikaamua ananidanganya. Nilijiambia ni msichana, ana mambo yake, shughuli za harusi haziishi Mabibo. Siku moja mbele ya wote nilimfungulia kaunta buku nikamwonyesha mstari wake unavyokwenda. Nikamwambia namba hazina upendeleo, na kama hataki, nafasi ya mtu anayetaka ipo.

Alisema, "Sawa, kocha." Akakunja koti lake vizuri kama alivyofunzwa, akatoka. Hakurudi siku tatu, hakurudi wiki, na simu hakupokea.

Wiki ya pili nilipata usingizi wa shida. Sikujua nimekosea wapi, ila nilijua nimemfanyia kitu nilichowahi kufanyiwa. Jumamosi nikaamka mapema, nikaenda Mabibo. Nilifika kumekucha, malori ya ndizi yameegeshwa matako kwa matako, matope ya maganda mpaka kwenye vifundo. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amejitwisha mkungu, mkono mmoja umeshika kikonyo, anashuka ubao uliotegwa nyuma ya fuso, anakwenda kama hatua sitini mpaka kwenye kizimba chake, anatua, anarudi. Wabebaji wanaume walikuwa wanapishana naye bila hata kumtazama, kama mwenzao.

Nilisimama pembeni nikaanza kuhesabu, maana ndiyo tabia yangu. Niliacha nilipofika mkungu wa thelathini. Nilimwomba jirani yake mwenye mizani anipimie mmoja. Nikafanya hesabu ile kichwani, na palepale ile programu yangu ya rula ikawa karatasi ya kufungia karanga. Nilimpangia anyanyue vyuma Jumanne na Alhamisi. Malori yalikuwa yanaingia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Aliponiona alishtuka, akaniamkia. Nilisubiri mpaka akamaliza lori. Tukakaa kwenye mikungu yenyewe, akaniagizia chai na vitumbua. Akanieleza kwamba kizimba ni chao wawili, yeye na dada yake, na siku zote waligawana kubeba. Dada yake amejifungua miezi miwili iliyopita kwa upasuaji. Basi anabeba ya wawili. Anaamka saa tisa alfajiri awahi malori, hasa tangu lianze kuja lori la ndizi za Mbeya, lenye mikungu mizito kuliko yote.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungeniuliza ningekwambia, kocha. Uliniulizaga nalala saa ngapi. Hukuniuliza naamka saa ngapi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapuliza chai.

Nilimwomba msamaha pale sokoni, mbele ya jirani mwenye mizani, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu na sikuona haki kumwomba faraghani. Alitazama chini akasema yameisha. Kisha tukatoa kaunta buku tukaanza upya. Kila siku ya lori tukaihesabu kuwa siku ya mazoezi mazito, tena mazito kuliko nilivyowahi kumpangia mtu. Mbio tukafuta. Vyuma tukafuta. Siku za malori akija ghalani alikuwa analala kwenye godoro, anafanya kazi ya chini tu, kubana na kujinasua, polepole, kwa nusu saa. Mtupo tukauweka Jumatatu na Ijumaa. Nikamwagiza akimaliza kushusha mzigo ale hapohapo, asingoje mchana: maharage, mayai mawili, ndizi zake mwenyewe, na maji. Mume wa dada yake akakubali kubeba Jumamosi. Hilo sikuliandika mie, alikwenda kulidai yeye.

Baada ya siku kumi na mbili mapigo yalishuka. Chaki ikaanza kupanda ukutani.

Katika siku hizo nilikwenda Segerea kumwona kocha wangu. Nilikuwa nakwenda mara mojamoja, tunazungumza habari za watu na za mguu wake, hatugusi mengine. Safari hii nilichukua kaunta buku. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani akaanza kuisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kinafuata mistari. Alisoma kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa. Nilimsimulia habari ya Mabibo, na jinsi nilivyomfukuza binti wa watu kwa namba zangu mwenyewe. Nilidhani atanicheka. Alifunga kitabu akakiweka mapajani.

"Siku ile hospitali," akasema, "daktari alinieleza yote palepale kwenye benchi. Nilielewa. Nilishindwa kuingia kukwambia."

Akaendelea kwamba wiki ileile aliweka pipa la maji mlangoni mwa ghala, akawaambia vijana ni agizo la mwenye jengo, kwa hofu ya moto, na mtu akitaka kunywa anywe. Hakuwa na uso wa kuwaambia kwamba alikosea. Mie nilipolirudia ghala mwaka ule nililiona pipa. Nilidhani ni la kunawia miguu.

Nilitaka kumwambia nimemsamehe siku nyingi, lakini haikuwa kweli. Nilikuwa nimemsamehe nusu. Nikamwambia tu kwamba mama angefurahi kusikia hilo la pipa. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kocha aliitikia kwa kichwa, akaomba binti yake atupashie chai moto. Nilipoaga aliniuliza mashindano ni lini.

Yalikuwa siku kumi mbele. Wiki ya mwisho muuza ndizi alipanda mizani tukakuta amezidi uzito wake kwa kilo mbili kasoro. Chakula chote kile kilikuwa kimejenga mwili. Alikuwa ameshasikia kwa wenzake wakongwe mambo yanavyofanywa, akaja na wazo lake tayari: atakimbia mchana na nailoni siku mbili, kilo zitatoka. Nilikataa. Akasema wengine wote wanafanya. Nikamwambia najua wanavyofanya. Nikamwambia atapanda daraja la juu la uzito, ashindane na wakubwa. Alinitazama kama mtu niliyemuuza. Alisema katika uzito wake hakuna wa kumshinda mkoa mzima, nami nilijua ni kweli. Nilimwonyesha makovu yangu? Sina makovu; figo hazionekani. Nilimweleza tu habari ya chombo alichokuwa akikifunika mama yangu. Jina lake nikaliandikisha daraja la juu, na hakulifuta.

Siku yenyewe kocha alikuja kwa bajaji kutoka Segerea, binti yake amemshika mkono. Walimwekea kiti cha plastiki karibu na magodoro. Pambano la kwanza muuza ndizi alimtupa mwanamke aliyemzidi kichwa kizima, na ukumbi ukapiga makofi. La pili alikutana na askari mmoja mzito, mtulivu, mwenye miaka mingi ya mchezo. Alipambana naye dakika zote. Akajaribu kumbeba kama mkungu, karibu ambebe, ila yule alijua kukaa mzito. Mwishowe akabanwa chini. Nilimwona akisukuma, akitafuta pembe, na sekunde za kubanwa, ambazo zikitimia umeshindwa, zikaisha.

Alirudi pembeni akihema, machozi yamejaa. Kabla sijafika, kocha alikuwa ameshainuka kwenye kiti, amenyoosha chupa ya maji. Alimwambia anywe taratibu, asigugumie. Alikunywa. Kocha akamwambia pia, akimwonyesha kwa kiganja, kwamba alipobanwa alisukuma kifuani badala ya kutafuta nyonga. Nilisimama nyuma yao nikaona sina cha kuongeza.

Katika pambano la kugombea nafasi ya tatu alibanwa tena vilevile. Alitafuta nyonga, akatoka, akamgeuza mwenzake na kumkalia mpaka kengele. Akavishwa medali ya shaba.

Jioni ile hakufurahi. Tulipokuwa tunakunja makoti aliniambia, kwa heshima zote, kwamba kwenye uzito wake angekuwa wa kwanza. Nikamjibu huenda. Mpaka leo sijui. Labda angekimbia siku mbili, akashinda, akarudi sokoni mzima, kama wengi wanavyofanya wakarudi wazima. Mie nilichagua kutokujua. Kocha anayepima kila kitu lazima akubali kwamba kitu hicho kimoja hawezi kukipima, na kuna usiku nimekihesabu upya.

Hakuja ghalani kwa wiki mbili, na safari hii nilikuwa najua kwa nini: nilimpa mapumziko, na msimu wa ndizi ulikuwa juu. Nilisikia kwamba medali aliining'iniza kizimbani siku moja tu, akaitoa kwa sababu wateja walikuwa wanaishika kwa mikono yenye utomvu.

Aliporudi alikuwa na dada yake, kitoto mgongoni, na daftari la shule. Alinipa lile daftari. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kuinamia kushoto, mpango wa miezi minne mpaka mashindano yajayo. Siku za malori amezizungushia kalamu nyekundu. Wiki za masufuria zipo. Pembeni ameandika uzito anaotaka kufika, akishuka kidogokidogo, nusu kilo kwa wiki na wiki nyingine hakuna, kwa kupunguza wali wa jioni na vitumbua, na maji hayakupunguzwa popote.

Nilisoma nimesimama. Dada yake alikuwa ameshavua viatu, anazunguka kutazama alama za chaki ukutani, anauliza hii ya juu kabisa ni ya nani.

Nilimwomba kalamu. Nikafuta mazoezi ya Jumatano moja, siku inayofuata lori la Mbeya, nikaandika hapo alale. Alitazama, akafikiri kidogo, akasema hiyo sawa. Kisha akampokea dada yake mtoto, akamwambia naye apake chaki aruke.